Masizi ya Zone Industrielle, Bujumbura: Moto ni wa nani?

Mkazi wa Bujumbura akiulizwa hewa chafu ya mji wake inatoka wapi, ni rahisi kunyoosha kidole kuelekea Zone Industrielle, upande wa bandari, ambako mabomba ya viwanda yanaonekana kwa mbali. Kidole hicho huenda kinaelekezwa kusikostahili. Hatua chache kutoka kwenye lango la kiwanda kuna lori linalounguruma likisubiri kushusha mzigo, jiko la makala la mama anayeuza chakula, jenereta nyuma ya ghala na, nyakati za kiangazi, harufu ya nyasi zinazoungua upande wa bonde la Rusizi. Vyote hivyo hutoa masizi, na masizi yakishapanda hewani huwa na rangi moja.

Swali la nani hasa anayeyatoa haliwahusu wanasayansi peke yao. Jibu lake ndilo linaloamua nani atozwe faini, nani alazimike kubadili mtambo, nani azuiwe barabarani na nani aambiwe aache kupika kama alivyozoea. Katika nchi ambako mafuta ya gari yamekuwa adimu na familia nyingi hazina nishati nyingine ya kupikia ila kuni na makala, kumtaja vibaya mwenye moto ni kumtwisha mzigo mtu asiyehusika.

Eneo lisilo na ukuta

Zone Industrielle, au Quartier Industriel kama baadhi ya ramani zinavyouita mtaa huo, ndiyo kitovu cha uzalishaji wa Burundi. Gitega ilichukua hadhi ya mji mkuu wa kisiasa, lakini viwanda, bandari na maghala vilibaki Bujumbura. Hapa kuna kiwanda cha bia cha Brarudi, kampuni iliyoanzishwa 1955, na kuna watengenezaji wa sabuni, mafuta ya kula, vinywaji na bidhaa za plastiki. Kutengeneza bia au sabuni kunahitaji mvuke. Mvuke unahitaji boila, na boila huchoma kitu: mafuta mazito, dizeli, kuni au mabaki ya mimea. Hali ndivyo ilivyo kwa viwanda vya aina hii popote duniani, na peke yake si ushahidi dhidi ya kiwanda chochote.

Eneo hili halikutengwa na makazi. Buyenzi iko jirani, mtaa ambao utawala wa Kibelgiji uliwatengea Waswahili na ambako hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya barazani, sokoni na gereji. Mafundi wa Buyenzi wanajulikana Burundi nzima kwa kuzifufua gari ambazo wengine wamekwisha kuzikatia tamaa, na injini ya dizeli iliyofunguliwa na kufungwa upya haina budi kujaribiwa kwa kukanyagwa mafuta hadi moshi utoke. Upande wa kaskazini iko Buterere, ambako kwa miaka mingi taka za mji zimekuwa zikitupwa, na jalala lolote la wazi, likichanganya plastiki na mabaki ya chakula, huwaka mara kwa mara, liwe limewashwa au limejiwasha.

Kisha kuna umbo la nchi yenyewe. Bujumbura imekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye uwanda wa Imbo, kiasi cha mita 780 juu ya usawa wa bahari, huku milima ya mashariki ikipanda ghafla kupita mita 2,000 na milima ya Kongo ikisimama ng'ambo ya pili ya ziwa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka, hewa baridi ikateremka kutoka milimani kuelekea majini. Moshi uliosukumwa mchana hadi kwenye vitongoji vya juu waweza kurudishwa usiku ule ule ukiwa umechanganyika na wa majiko ya jioni. Kwa hiyo hata mtu anayeona moshi juu ya paa la kiwanda saa mbili usiku hawezi kuapa kwamba umetoka kiwandani humo.

Namba haina jina

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembechembe laini, zile zenye upana usiozidi maikromita 2.5, usivuke maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chembe ya kiasi hicho ni nyembamba kuliko unywele kwa mara 20 au zaidi, na ndiyo maana hupenya hadi vifuko vya ndani kabisa vya mapafu.

Vifaa vya bei nafuu vya kupimia chembechembe hizo vimeenea Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanzia Kampala 2015, umevifikisha katika miji kadhaa ya bara hili, Bujumbura ikiwa mmojawapo. Umuhimu wa vifaa vinavyomilikiwa na Waafrika wenyewe ulidhihirika Machi 2025, pale Marekani iliposimamisha uchapishaji wa takwimu za hewa zilizokuwa zikitoka kwenye balozi zake, takwimu ambazo miji mingi ya bara hili ilikuwa ikizitegemea.

Hata hivyo, vifaa vya aina hiyo hufanya kazi kwa kumulika hewa na kupima mwanga unaotawanywa na chembechembe. Vumbi la barabara isiyo na lami, moshi wa kuni na moshi wa lori, vyote kwake ni chembe tu. Masizi yenyewe hutawanya mwanga kidogo. Kazi yake kubwa ni kuunyonya, na ndiyo maana ni meusi. Siku ya vumbi na siku ya masizi zaweza kuandikwa kwa namba zinazofanana, ilhali madhara yake hayalingani. Taasisi ya WHO inayochunguza saratani, IARC, iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, uamuzi uliotolewa Juni 2012. Kuhusu moshi wa majikoni, WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya mapema milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Mwongozo wa 2021 haukuweka kikomo cha masizi, lakini ulizihimiza nchi kuyapima kando na chembechembe nyingine na kutambua vyanzo vyake. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Namna masizi yanavyohojiwa

Masizi huzaliwa pale moto unapokosa hewa ya kutosha. Kaboni iliyopaswa kuungua yote hubaki nusu, ikajikusanya katika vitone vidogo vinavyoshikamana kama shada. Kwa wataalamu wa hali ya hewa, sehemu yake iliyo nyeusi kabisa huitwa kaboni nyeusi. Haiyeyuki majini na haibadiliki kwa urahisi, na tabia hiyo ndiyo inayomsaidia mchunguzi, kwa kuwa kila moto huacha juu ya masizi yake alama isiyofutika haraka.

Alama ya kwanza ni rangi. Chombo kiitwacho ethalomita, kilichobuniwa Berkeley, California, mwanzoni mwa miaka ya 1980, huvuta hewa kupitia utepe mweupe wa kichujio, kisha humulika doa linalojengeka juu yake. Zile za kisasa hutumia mianga saba tofauti, kuanzia ile ya urujuani isiyoonekana kwa jicho hadi ile iliyo nje ya wekundu. Masizi ya dizeli hayana upendeleo mkubwa kati ya mianga hiyo. Moshi wa kuni, pamoja na weusi wake, hubeba lami na mafuta ya mti yenye rangi ya kahawia, na hayo hunyonya zaidi mwanga wa upande wa urujuani. Yeyote aliyeinua macho katika jiko la kuni la kijijini anaifahamu tofauti hiyo bila chombo: dari lina wekundu wa asali iliyoungua, wakati ncha ya bomba la lori ina weusi mtupu. Ethalomita inafanya kazi ya jicho hilo, kila dakika, mchana na usiku.

Alama ya pili ni ya kikemia. Kuni zinapoungua, selulosi, yaani zile nyuzi zinazoufanya mti uwe mti, hupasuliwa na joto na kutoa sukari maalumu iitwayo levoglukosani. Dizeli haina selulosi, hivyo haiwezi kuitoa hata ichomwe vipi. Mafuta mazito ya boila na ya meli huacha chembe za metali za vanadi na nikeli. Plastiki inayoungua jalalani nayo ina mabaki yake. Mchunguzi hukusanya kichujio, hukipeleka maabara na kusoma mchanganyiko huo kama mpishi mzoefu anavyotambua viungo vya mchuzi kwa kuonja.

Alama ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kila kiumbe hai kina kiasi kidogo cha kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Mti uliokatwa mwaka jana bado unayo yote. Mafuta ya petroli, ambayo chanzo chake ni viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, hayana hata chembe. Kwa hiyo kaboni-14 iliyomo kwenye masizi ikipimwa, hujulikana papo hapo ni sehemu gani imetoka kwenye mimea ya leo na ni ipi imetoka kwenye kisima cha mafuta. Kipimo hiki hakidanganywi na rangi wala na harufu. Kikiunganishwa na uwiano wa kaboni-13, chaweza hata kutenganisha moto wa nyasi za nyika na moto wa miti, kwa sababu nyasi nyingi za tropiki hujenga miili yao kwa njia tofauti na ile ya miti.

Ufanisi wa njia hiyo ulionekana 2009, pale watafiti walioongozwa na Örjan Gustafsson wa Chuo Kikuu cha Stockholm walipouchunguza ukungu wa kahawia unaoifunika Bahari ya Hindi kila majira ya kaskazi. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wamebishana kama ukungu huo ni wa magari na viwanda vya Asia au wa majiko na mashamba. Vichujio kutoka Maldives na magharibi mwa India vilionyesha kwamba theluthi mbili za chembe za kaboni kwa jumla zilitokana na kuchomwa kwa mimea, na kwamba kwa masizi yenyewe mimea ilichangia kati ya nusu na theluthi mbili, kutegemea njia iliyotumika kuyatenganisha.

Majirani wawili, majibu mawili

Afrika Mashariki nayo ina majibu yake, na yanapingana kwa namna inayofundisha.

Jijini Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Stockholm, wakiwemo Leonard Kirago na Michael Gatari, walikusanya vichujio na kuvipima kwa kaboni-14. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya kaboni nyeusi ya jiji hilo ilitokana na mafuta ya petroli, hasa magari, na hali hiyo haikubadilika sana kati ya majira ya mvua na ya kiangazi. Katika jiji lenye mamia ya maelfu ya majiko ya makala na kuni, wengi wangetarajia sehemu ya majiko iwe kubwa zaidi.

Kituo cha Rwanda kilichoko kwenye mlima Mugogo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na yapata kilomita 200 kaskazini mwa Bujumbura, kilitoa picha nyingine kabisa. Huko, mbali na barabara kuu, masizi yanayopita angani yalionekana kutawaliwa na moto wa mimea, hususan ule wa nyika unaowaka kila kiangazi katika ukanda mpana wa kusini na kaskazini mwa ikweta. Moshi wa Zambia, Kongo au Tanzania haubebi pasipoti.

Bujumbura imekaa kati ya majibu haya mawili. Ni mji wenye malori, Toyota Probox zilizochakaa na basi ndogo za Hiace, hivyo yaweza kufanana na Nairobi. Ni mji ulio kwenye njia ya moshi wa kiangazi, wenye familia zinazopika karibu zote kwa makala na kuni, hivyo yaweza kuwa na sura ya Mugogo. Kuchukua matokeo ya jirani na kuyabandika juu ya Zone Industrielle ni kosa ambalo washauri wa miradi hulifanya mara nyingi, pengine kwa kuwa ni rahisi kuliko kuweka kichujio na kusubiri mwaka mzima.

Foleni, makala na tourbe

Kuna mambo matatu yanayoifanya Bujumbura iwe kesi ya peke yake.

La kwanza ni uhaba wa mafuta. Tangu 2022, kwa sababu ya ukosefu wa fedha za kigeni, vituo vya petroli vya Burundi vimekauka tena na tena; foleni za magari zimelala barabarani kwa siku, na watu wametembea kwa miguu kutoka mjini hadi vitongojini. Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili fulani kila mwezi kwa hiari. Bujumbura imepata siku zisizo na magari bila kuzipanga. Kwa mtafiti, siku hizo ni dhahabu: magari yakitoweka na masizi yakabaki pale pale, basi magari hayakuwa mtuhumiwa mkuu, yakishuka ghafla, jibu limepatikana bila maabara. Upande mwingine, uhaba huo huo huleta mafuta ya magendo yanayouzwa kwa chupa na madumu, ambayo ubora wake hakuna anayeuthibitisha, na injini inayopewa mafuta yaliyochanganywa hutoa moshi mzito zaidi. Gari chache zaweza kuchafua kuliko inavyodhaniwa.

La pili ni makala yenyewe. Gunia linalofika Bujumbura juu ya baiskeli au lori limekwisha kutoa sehemu kubwa ya moshi wake huko lilikochomwa, kwenye tanuru la udongo lililofukiwa mlimani. Kinachobaki ni karibu kaboni tupu, ambayo ikishika moto vizuri huwaka bila moshi mwingi, bila ile kahawia ya kuni na bila levoglukosani ya kutosha. Matokeo yake ni kwamba ethalomita iliyowekwa Zone Industrielle yaweza kuyaona makala kuwa madogo sana, au kuyahesabu kwa makosa upande wa dizeli, huku moshi wake wa kweli ukiwa umevutwa na wachomaji wa vijijini ambao hawamo katika takwimu zozote za mji. Kaboni-14 hurekebisha kosa la rangi. Haiwezi kurekebisha kosa la mahali.

La tatu ndilo la kipekee zaidi. Burundi huchimba na kuchoma tourbe, ule udongo mweusi wa mabondeni uliotokana na mimea iliyooza majini kwa karne nyingi. Shirika la serikali la ONATOUR liliundwa 1977 ili kuichimba na kuiuza kama badala ya kuni, kwa nia njema ya kuokoa misitu, na wateja wake wa kawaida wamekuwa kambi za jeshi, magereza na shule, mahali panapopikiwa watu wengi kwa pamoja. Sasa, tourbe ina umri gani? Bonde la Kashiru katika nyanda za juu za Burundi ni maarufu kwa wanasayansi wa tabianchi, kwa kuwa chavua iliyohifadhiwa katika matabaka yake imewawezesha kusoma historia ya joto na mvua ya miaka 40,000.

Hesabu yake ni rahisi na inatia wasiwasi. Tabaka la tourbe lenye umri wa miaka 5,730 limebakiza nusu ya kaboni-14. Masizi yake yakinaswa na kichujio na kusomwa kwa kanuni iliyotumika Nairobi, maabara itaandika: nusu kuni, nusu mafuta ya petroli. Hakuna kuni iliyochomwa, wala tone la mafuta. Mpikaji wa kambini atakuwa amemsingizia dereva wa lori bila kujua. Kanuni iliyotengenezwa kwa dunia yenye aina mbili za moto haitoshi pale penye aina tatu, na mchunguzi atakayefika Bujumbura bila kujua habari za tourbe ataondoka na jibu lenye desimali mbili na lisilo la kweli.

Mwenye mafuta na mwenye moto

Hata hesabu hizo zikirekebishwa, sayansi hutaja kilichochomwa na si aliyekichoma. Boila inayotumia kuni itaonekana kama majiko elfu moja ya mtaani. Jenereta ya ghala itafanana na lori. Hapo hutumika mashahidi wawili wa kawaida, saa na upepo. Majiko hupanda asubuhi na jioni. Malori hufuata saa za forodha na maghala. Boila ya kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana haina kilele. Jenereta huamka umeme unapokatika, na saa za kukatika kwa umeme zinaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye daftari. Upepo wa ziwa ukivuma saa nane mchana, chombo kilicho upande wa bara husoma bandari na viwanda. Ukigeuka usiku, husoma vitongoji vya juu. Kuchanganya saa, upepo na alama za masizi ndiko kunakoweza kumkaribia mwenye moto kwa umbali wa mtaa mmoja.

Haya yana uzito wa sera. Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na bajaji katikati ya Bujumbura. Sababu zilizotolewa hazikuwa za hewa, lakini uamuzi huo ulionyesha jinsi riziki ya maelfu ya watu inavyoweza kufungwa kwa tangazo moja. Siku hewa itakapokuwa ndiyo sababu, walio rahisi kuguswa watakuwa wale wale: waendesha bajaji, mafundi wa Buyenzi, wauza chakula wa kando ya barabara. Mwenye boila ana mwanasheria. Moto wa nyika, ambao mwenyewe yuko mkoa mwingine au nchi nyingine, hauguswi na tangazo lolote la meya.

Ikionekana kwamba dizeli ndiyo inayotawala, njia zipo na zimekwisha kuanza. Tangu Januari 2015 nchi tano zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo, zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kiwango kinachoruhusu vichujio vya kunasa masizi kufungwa kwenye bomba la gari. Mafuta hayo yakichanganywa njiani, faida hiyo hupotea, kwa hiyo ukaguzi wa mafuta huwa sera ya hewa. Ikionekana ni kuni na makala, kinachohitajika ni gesi, umeme wa uhakika na majiko bora, na gharama yake haiwezi kuachiwa kaya isiyojua kesho itakula nini. Ikiwa ni jalala, suala ni la manispaa. Ikiwa ni nyika, meza ya mazungumzo iko kati ya mataifa.

Mfano wa kilichowezekana pale chanzo kilipojulikana bila shaka unapatikana mbali, katika mji wa Launceston huko Tasmania, Australia. Mji huo, uliokaa bondeni kama Bujumbura, ulikuwa ukifunikwa na moshi kila majira ya baridi, na mwenye moto alikuwa wazi: majiko ya kuni ya kupashia nyumba joto. Kuanzia 2001 serikali ilizisaidia kaya kuyabadilisha. Sehemu ya kaya zilizotumia majiko hayo ilishuka kutoka asilimia 66 hadi 30 katika muda wa miaka michache, wastani wa chembechembe wakati wa baridi ukashuka kutoka maikrogramu 44 hadi 27, na utafiti uliochapishwa 2013 uliona vifo vya wanaume vikipungua. Launceston ilikuwa na moto wa aina moja na serikali yenye fedha. Bujumbura ina mioto mitano au sita na hazina iliyobanwa, hivyo haina nafasi ya kutumia fedha kwa kubahatisha.

Upo upande mmoja wenye nafuu. Kaboni nyeusi haikai angani kwa karne kama gesi ya ukaa. Huoshwa na mvua au kuanguka ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Chanzo kikizimwa leo, hewa husafika ndani ya mwezi huo huo, na kichujio kitakachowekwa juu ya paa la shule huko Ngagara kitaonyesha hivyo. Kichujio hicho ni duara dogo la nyuzi za kwatzi linaloenea kiganjani. Kikikusanywa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti na tena katika mvua za Machi na Aprili, kikafungwa kwenye karatasi ya alumini na kuwekwa barafuni, kinaweza kusubiri maabara kwa miezi. Kando yake itahitajika orodha fupi iliyoandikwa kwa mkono: saa umeme ulipokatika, siku vituo vya mafuta vilipokuwa tupu, na kambi au shule gani ilipokea shehena ya tourbe wiki hiyo.